Zoezi la Mama Rosine

Daktari kijana wa Mpanda mjini alimwambia Capitoline kwamba vidonge peke yake havitaishusha sukari. "Mama, unahitaji eksasaizi," alisema kwa upole. Capitoline akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Eksasaizi aliyoijua yeye ni yale maswali ya hesabu ambayo mwalimu huandika ubaoni, na njia nzima ya kurudi Katumba alikuwa akijiuliza sukari na kugawanya kwa mafungu vinahusiana vipi.

Nyumbani alimuuliza binti yake. Rosine alicheka hadi akashika ukuta.

"Zoezi, mama! Anataka ufanye zoezi. Siku nzima umekaa kwenye cherehani. Kila jioni utembee, tena kwa haraka."

"Niende wapi?"

"Hakuna unakokwenda. Unatembea tu, halafu unarudi."

Jambo hilo lilimshangaza kuliko ugonjwa wenyewe. Tangu utoto wake alikuwa hajaona mtu mzima akitembea pasipo safari, bila jembe begani wala ndoo kichwani. Hata hivyo jioni ileile alijifunga khanga kiunoni akatoka. Ili ajue amefika mbali kiasi gani, alizihesabu nguzo za umeme, akiinyooshea kidole kila aliyoipita ili asiirudie. Kila siku aliongeza nguzo moja.

Majirani wakaanza kumuuliza. Capitoline hakutaka kuitaja sukari. Katumba mtu akishatajwa na ugonjwa huo huanza kuzungumziwa kana kwamba ameshazikwa, na wenye vitambaa huvihamishia kwa fundi mwingine visije vikabaki nusu. Kwa hiyo alijibu kwa lile neno la binti yake, ambalo lilimpendeza kwa sababu lilikuwa fupi na halikueleza kitu.

"Niko kwenye zoezi," alisema, akapita.

Ila Katumba, makazi yaliyoanzishwa na wakimbizi kutoka Burundi, neno hilo lina mwenyewe, nayo ni serikali. Watu wakihesabiwa, ni zoezi. Wakiandikishwa, ni zoezi. Wazazi waliotoka Burundi walipoomba uraia, lilikuwa zoezi, na wapo wanaokumbuka uvumi wa zoezi la kuwahamisha wote, uliofanya watu wauze mbuzi kwa bei ya kuku. Sasa fundi cherehani anapita kila jioni, ananyoosha kidole, midomo inahesabu, na akiulizwa anasema yuko kwenye zoezi.

Salamu zikapungua. Mama mmoja alifunga mlango alipomwona anakuja. Capitoline alidhani siri yake ya sukari imevuja, akaongeza mwendo.

Jioni moja alifika kwa Telesfori, jirani ambaye suruali zake alizishona yeye tangu ujana wao. Alimkuta shambani na mkewe Goreth, wanang'oa mihogo. Mihogo yenyewe ilikuwa michanga, miembamba kama vidole. Nusu ya shamba ilikuwa imelala chini.

"Yoo! Telesfori, shemeji yangu, una wazimu? Hii si mihogo, ni mizizi!"

Telesfori hakuinua kichwa. "Afadhali mizizi yangu tumboni kuliko mihogo yangu mikononi mwa mwingine. Wewe endelea na kazi yako. Umeshatuandika?"

"Nimewaandika wapi?"

"Usitufanye watoto, Mama Rosine," alisema Goreth, jasho likimtiririka. "Kila siku unahesabu. Tumeulizana hapa, wanakulipa kiasi gani? Na zoezi lenyewe ni lini, ili tujue kama tung'oe na ule upande wa mtoni?"

Capitoline alitazama mashina yaliyolala, akatazama kidole chake mwenyewe. Ndipo akaelewa. Angeweza kusema uongo mwingine, kwamba zoezi limeahirishwa, na wangemwamini. Lakini kesho yake wangemuuliza limeahirishwa hadi lini.

"Nina sukari," alisema.

Goreth alisimama na shina mkononi. "Unauza sukari?"

"Ninaumwa sukari! Daktari amesema nitembee ili ishuke. Nahesabu nguzo nijue nimefika wapi. Hilo ndilo zoezi. Hakuna anayehamishwa, hakuna anayeandikwa. Ni miguu yangu tu."

Telesfori akatazama shamba lake, akamtazama Capitoline, na sauti ikamtoka nyembamba. "Zoezi la miguu?"

"La miguu."

"Mwanamke, si ungesema unatembea!"

"Ningesema natembea, mngeniuliza naenda wapi!"

Telesfori alijua ni kweli wangeuliza. Akakaa chini katikati ya mihogo yake akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye akiacha kucheka atalia. Capitoline alingoja waseme watavichukua vitambaa vyao. Goreth alimsogelea badala yake, akashusha sauti ili mumewe asisikie.

"Huo ugonjwa unaanzaje?"

"Kiu. Na kukojoa kila mara. Mimi, na nyayo zikawa zinawaka moto."

"Zinawaka kama umekanyaga majivu ya moto?"

"Hivyohivyo."

Goreth aliitazama miguu yake iliyojaa udongo. "Nilidhani ni kulima," alisema. "Huyo daktari wako yupo siku zote?"

"Jumatatu yupo. Twende wote."

"Na wakiniuliza naenda wapi?"

"Waambie unakwenda kupima sukari. Tangu leo nami nasema hivyohivyo."

Telesfori alikuwa amenyanyuka, anachagua mashina yenye macho mazuri ya kuyakata vipande ayapande upya. "Nyie mnanong'ona nini?" aliuliza. "Kamata panga, Mama Rosine. Zoezi lako ndilo lililong'oa."

Capitoline akapokea panga, akainama.