Mpira Usiotaka Klipu

Mama Mipira, kama mafundi wa mtaa mzima walivyomwita, hakumuuzia mtu mpira kwa kuangalia rangi. Alikuuliza kwanza: humo ndani kinapita nini, petroli, mafuta au maji? Ukimjibu "nipe wowote tu," alikukazia macho mpaka ukaenda kuuliza vizuri. Alijua mpira wa maji unavyovimba ukikutana na petroli, na hakuhitaji gari la mtu liungue ndipo aamini.

Miaka kumi na tisa walikuwa hivyo gerejini, mumewe akishika injini, yeye akishika mipira. Lakini mwezi huu magari matatu yalirudi yakivuja, yote kwenye mipira aliyoipachika yeye. Mumewe aliyatengeneza mwenyewe, eti asimwaibishe mkewe, kisha akatamka kwamba kuanzia Jumatatu mama akae kaunta apokee simu. Eti macho yamechoka. Macho yaliyotambua milimita nane na kumi bila kushika rula.

Ijumaa asubuhi likaingia la nne, la mkunga, likiacha michirizi ya mafuta ya giaboksi tangu getini.

"Dada, umeniponza," mkunga alisema. "Nimekwama njiani na mama mwenye uchungu siti ya nyuma. Lori la kokoto ndilo lililotuokoa."

Mama Mipira alimwomba radhi, akaingia uvunguni. Kule chini akakuta klipu ya chuma imekazwa juu ya mpira wake, na damu ikamchemka. Mpira ule ni wa kusukuma. Unapaka mafuta kidogo kwenye nipeli, ile ncha ya bomba yenye vijino, unausukuma mpaka ugote, na vijino vya nipeli vinaung'ata vyenyewe. Ukiubana na klipu unaukandamiza juu ya vijino hivyo, na vinaukata kwa ndani.

"Nani kaweka hii?"

"Si ni huyo mumeo! Nilipokuwa natoka alinisimamisha, akasema umesahau."

Umesahau. Neno hilo lilimuuma kuliko hiyo kaunta. Wateja watatu alikuwa amewaomba radhi kichwa chini. Alikuwa amekwenda hospitali kupimwa macho, akapanga foleni asubuhi nzima. Kumbe mwanamume huyu alikuwa anapita nyuma yake na bisibisi, anaharibu kazi, kisha anamwonea huruma.

Aliukata mpira pale kwenye nipeli, akautoa. Mumewe alikuwa ameinamia injini ya watu, ghafla ana shughuli nyingi. Mama Mipira akamwekea mpira na kisu mkononi.

"Pasua."

"Mama, mbele ya mteja..."

"Nimesema pasua."

Akaupasua kwa urefu. Chini ya alama ya klipu raba ilikuwa imechanika kwa kuzunguka, hadi kwenye nyuzi. Akapitisha kidole gumba pale, mara mbili. Alikuwa fundi mzuri, hakuhitaji kuelezwa.

"Nilikuwa nakusaidia," alisema. "Watu wakiona hakuna klipu wanadhani tumewapunja."

"Na mimi ukaniambia nikapime macho."

Mumewe akakifuta kisu kwa kitambaa, akakiweka chini.

"Mwambie mkunga nani alikosea."

Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa ugenini.

Mama Mipira alikuwa ameshawageuzia mgongo, anapima mpira mpya mezani.

"Sema tena," alisema. "Hajasikia."