Jina Nililompa Mwanamke wa Picha

Mimi ni Msabato, pombe sijawahi kuionja, na siku nilipokutana naye ilikuwa Jumanne saa nane mchana, jua la Homa Bay likichoma mabati. Nayasema haya mapema usije ukaniambia nilikuwa nimelewa, au kwamba giza lilinichezea macho. Palikuwa na karani pale, naye alimwona kabla yangu. Ukiniamini, sawa. Usiponiamini, mzigo utabaki wangu vilevile.

Wakati huo, miaka michache baada ya Uhuru, nilikuwa nafundisha shule ya msingi huku Suna, Migori. Mmisionari mmoja Mmarekani alipokuwa akirudi kwao aliiachia shule sanduku la vitabu vikuukuu. Humo nikakuta kimoja kisicho na jalada, habari za Wacheyenne, watu wa asili wa Amerika waliokuwa wakiishi kwenye nyika wakiwinda nyati kwa farasi. Nilikisoma mpaka mke wangu Peres akanuna. Kulikuwa na chifu wao mmoja aliyeamini ahadi ya wanajeshi, akapandisha bendera yao juu ya hema lake ili watu wake wawe salama. Wanajeshi wakaja alfajiri, wakaua wanawake na watoto chini ya bendera hiyohiyo. Sasa, nyanya yangu alizoea kutusimulia jinsi askari wa serikali walivyolichoma boma la baba yake. Nilikisoma kile kitabu kama mtu anayesoma habari za jamaa zake.

Nikanunua daftari, nikaanza kuandika majina yao. Machifu, wapiganaji, wanawake waliopanda farasi kwenda vitani. Hapa sitalitaja hata moja, na utaelewa kwa nini. Kitabu kikaniishia, nikaiandikia barua maktaba moja ya huko Amerika. Nilijua hawatajibu. Wakajibu! Mkutubi wao alikuwa bibi mzee, na kila nilipouliza jambo aliniandikia kurasa mbili tatu kwa mkono. Aliniita "mtafiti wetu wa Afrika". Hebu fikiria: mwalimu wa darasa la nne mwenye suruali mbili, anaitwa mtafiti. Kichwa kilivimba, sikufichi.

Siku moja alinitumia nakala ya picha. Wanawake watano wa Kicheyenne, mateka, wameketi chini mbele ya ukuta wa ngome. Nyuma ya picha yameandikwa majina manne. Kwa yule wa tano, wa pembeni, imeandikwa tu: mwanamke, jina halijulikani.

Ni huyo aliyeninasa. Alikuwa amejifunika blanketi zito, nywele amezisuka mikia miwili mirefu iliyolala kifuani, na ameshika kiwiko chake kwa kiganja, hivi, kama mtu anayezuia maumivu. Mama yangu alikuwa akiketi hivyohivyo. Mama alikuwa na miaka minne kaburini. Nilimtafuta yule mwanamke karibu mwaka mzima, barua kwa barua, na hakuna aliyemjua. Ule mstari mtupu katika daftari ukaniudhi kama jino bovu. Basi jioni moja nikachukua kalamu nikaujaza. Niliandika Adoyo. Jina la mama yangu.

Hapo ningeishia, pengine yasingenipata. Lakini nilikuwa nimeshaionja sifa. Nikamwandikia mkutubi kwamba jina la yule mwanamke nimelipata, liko katika kitabu cha mmisionari. Uongo mtupu. Nilijiambia, nani atajua? Na si heri hata jina la kuazima kuliko kukosa kabisa?

Miezi mitatu baadaye nikatumwa Homa Bay, ofisi ya elimu ya wilaya, kuchukua chaki na madaftari. Barua zetu pia zilipitia huko. Niliposhuka kwenye lori nikaingia ofisini, karani, kijana wa Karachuonyo tuliyezoeana, akainua kichwa.

"Japuonj, umechelewa," akasema. Ndivyo tunavyomwita mwalimu kwa Dholuo. "Mama yako amekungoja tangu asubuhi."

"Mama yupi?"

"Wako. Amesema anamtafuta mwana wa Adoyo, mwalimu wa Suna. Nimempa kiti, amekataa. Yuko nyuma, barazani."

Niamini, miguu ilinipeleka yenyewe. Hata ningetaka kukimbia, ningeweza? Nilitoka kwa mlango wa nyuma, na pale, ameegemea ukuta, ameketi chini, alikuwa mwanamke wa pembeni. Blanketi lile. Nywele zile, ambazo hakuna mama wa kwetu aliyekuwa akisuka hivyo. Kiganja kimeshika kiwiko. Joto la siku hiyo lilikuwa la kumtoa mtu jasho hata amekaa, lakini pindo la blanketi lake lilikuwa limegandamana na vitu vyeupe kama chumvi. Viliyeyuka vikidondokea saruji. Nilichutama, nikavigusa. Baridi iliniuma mpaka kwenye mfupa.

Akaniangalia. Uso haukuwa wa mama yangu. Sauti ndiyo iliyokuwa ya mama yangu.

"Umekula?" akaniuliza kwa Dholuo.

Machozi yakanitoka. Nikajibu, "Nimekula, Mama," maana sauti ile nisingeweza kuijibu vingine.

"Mimi si mama yako," akasema. "Umeniita, nimekuja. Sikuijua njia. Nililifuata jina."

"Hilo si jina lako."

"Najua. Langu walilipoteza waliotupiga picha. Nilikuwa nimekaa bila jina na waliokaa bila jina, tumezoea. Kisha wewe ukanipa hili." Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Kama unalo langu, nipe, nikurudishie hili."

"Silijui. Nilitafuta. Wallahi nilitafuta!" Mimi Msabato, naapa kama mfanyabiashara wa sokoni.

"Basi nitabaki nalo."

"Na mama yangu?"

Aliinamisha macho, akakisugua kiwiko. "Tulikutana njiani," akasema. "Alikuwa anauliza watu yeye anaitwa nani."

Karani akaniita ndani nitie sahihi ya barua. Niligeuza shingo tu, sikusogeza hata mguu. Nilipoirudisha, baraza lilikuwa tupu, na saruji imelowa mahali palipotosha mtu mmoja kuketi. Karani alitoka akauliza, "Mama ameenda wapi bila kuaga?" Nilimwambia amewahi lori.

Barua yenyewe ilitoka kwa mkutubi. Alinishukuru sana. Alisema amelinakili jina kwa wino usiofutika nyuma ya picha halisi, na kwamba alilia alipoliandika.

Usiku huohuo nilimwandikia kuungama yote, nikamsihi alifute. Barua ilirudi haijafunguliwa, imegongwa muhuri kwamba mwenyewe amefariki. Nikaiandikia maktaba. Mtu mwingine akajibu kwa mistari miwili, kwamba kumbukumbu za marehemu zinaaminika na habari za Adoyo zimeshachapishwa katika kijitabu chao. Nikaandika tena. Na tena. Hawajibu siku hizi. Daftari nililichoma, lakini daftari ni karatasi tu. Kule ng'ambo, kila anayekisoma kile kijitabu anamwita.

Peres alikuwa mjamzito. Kama hujui desturi yetu Wajaluo, mtoto akizaliwa, marehemu wa ukoo humjia mtu ndotoni kudai mtoto apewe jina lake. Na mtoto akilia bila kukoma, wazee humtajia majina ya marehemu moja baada ya jingine, hata atakapolisikia lake anyamaze. Wote nyumbani walijua atakuja mama yangu. Siku ya pili baada ya kujifungua, Peres aliamka akaniamsha.

"Mwanamke alikuja," akaniambia. "Amesuka mikia miwili. Anasema yeye ni Adoyo."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Mama yako nilimpikia mimi mpaka kufa kwake. Yule si yeye."

Mtoto, msichana, akaanza kulia. Alilia siku tatu. Shangazi yangu akaja kutoka Awendo, akampakata, akamtajia majina. Nyanya, kimya hakuna. Mama wa babu, hakuna. Alipotamka Adoyo, mtoto alinyamaza papo hapo, akafungua macho. Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mimi na Peres peke yetu hatukuweza hata kutabasamu. Ningesema nini mbele ya watu waliofurahi vile? Nilinyamaza, na kunyamaza huko sijajisamehe.

Hakuwahi kusema neno, binti yangu. Alikaa mlangoni akitazama mbali, mahali pasipo na kitu, na mikono yake haikupata joto hata mwezi wa pili, jua linapokuwa kali kuliko miezi yote. Hospitali hawakuona ugonjwa. Alikuwa hajatimiza miaka miwili alipofariki, mchana, juani, amefunikwa mablanketi mawili. Peres alirudi kwao Rongo baada ya matanga. Hatukugombana. Alisema tu hawezi kulala katika nyumba ambayo mwenye kuja ndotoni hajui aendako.

Mama yangu hajamjia mtu yeyote tena. Dada zangu hulalamika kwamba hata sura yake wanaisahau, na mimi pia, nikifumba macho niikumbuke, huja uso wa yule mwingine.

Nakuomba wewe unayependa kufukua habari za wafu, hasa wafu wa watu wengine. Ukifika mahali ambapo jina halipo, acha hivyo. Andika kwamba halijulikani, uwe na haya, uendelee. Usimhurumie mtu kwa uongo.

Mwezi uliopita mke wa ndugu yangu alijifungua msichana. Naye akaanza kulia. Shangazi akaja tena kutoka Awendo, akaanza kutaja majina. Nilitaka kumzuia, nikafika mpaka mlangoni, lakini mtoto alikuwa amelia siku nne na mama yake amechoka. Nikatoka nje, nikaenda nyuma ya zizi, nikaziba masikio kwa mikono yote miwili, nikahesabu mpaka mia mbili. Nilipoyaachia, mtoto alikuwa amenyamaza.