Kaka Yangu Ananipigia Diski Ikizima Tu

Habari admin, naomba ufiche jina langu, maana huku Kibosho watu tunajuana. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, nimeishia darasa la saba. Mnisamehe kama nitaandika vibaya, kuongea kwenyewe siwezi, nikiwa na watu nabaki naangalia tu. Mimi ndiye wa mwisho kwetu, na kwa sisi Wachagga wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Baba alitangulia zamani, mama kafuata mwaka juzi. Dada zangu wameolewa mbali. Kwa hiyo kihamba chote, yaani shamba letu la migomba, na hiyo nyumba, nipo peke yangu.

Nina kaka mmoja, yuko Dar. Baada ya mazishi ya mama alikuja na gari limejaa kompyuta na hard disk, akasema huku kwetu kuna baridi, mashine hazitachemka, kwa hiyo ataziweka sebuleni. Ni mambo ya sarafu za mtandaoni. Alinielewesha hivi: unaijaza diski mafaili makubwa ambayo wala hayafunguki, halafu kompyuta inakaa inasubiri. Mtandao ukiuliza swali, na jibu likawa kwenye diski yako, unapata kitu. Ni kama bahati nasibu, diski nyingi ndio tiketi nyingi. Kujaza diski moja tu unasubiri mpaka unachoka. Akanifundisha kuchomeka, kuandaa diski mpya, kubandika namba, kuangalia taa. Nilishika haraka, nilifurahi sana, nikajua sasa tutakuwa na cha kuongea.

Akaondoka. Tangu hapo hajarudi, hata Krismasi ambayo kila Mchagga anapanda nyumbani yeye hakuja. Umeme ananunua mwenyewe, ananitumia zile namba za luku kwenye meseji, hakuna hata mambo vipi. Nikimpigia anasema, "Dogo nipo kazini, nitakucheki." Hanicheki. Na mimi siwezi kwenda mbali, umeme ukikatika lazima niwepo niziwashe upya. Kwaya niliacha, mpira niliacha. Watoto wakipita njiani wanasema humu ndani kuna freemason. Mtu anayeingia kwangu ni jirani mmoja, mama wa makamo, anakuja kukata majani ya ng'ombe. Nikimwamkia shikamoo anaitika huku anachungulia dirishani, "Marahaba baba. Hao kuku wako wa umeme hawajataga tu?" Nacheka. Siku nyingine hicho ndicho kicheko changu pekee.

Sasa siku moja nilikuwa nafagia, fagio likanasa waya, diski moja ikazima. Sijainama hata kuushika, simu ikaita. Kaka. "Dogo, namba saba imezima, kuna nini?" Kumbe ana kitu kwenye simu yake kinamwonyesha kila diski. Nikachomeka, ikawaka, akashusha pumzi. Halafu hakukata. Akaniuliza, "Mvua ipo huko? Ile migomba ya mama ya upande wa mfereji bado inazaa?" Nikamwambia inazaa. Akaniambia mtoto wake ameanza kutembea, anashika ukuta. Huyo mtoto sijamwona hata mara moja. Tuliongea mpaka bosi wake akamwita. Siku hiyo nilipika mtori nikala vizuri kabisa.

Nadhani mmeshaelewa nilichofanya. Jumapili moja mvua imenyesha toka asubuhi, hakuna mtu aliyepita, nikachomoa waya mwenyewe. Akapiga. Nikamwambia sijui imekuwaje, ngoja niiangalie, nikawa naiangalia polepole ili aendelee kuongea. Basi ikawa ndio mtindo. Sio kila siku, hapana. Nikizidiwa tu. Nabadilisha diski asishtuke. Mimi bila diski sina la kumwambia, yani nikishasema salama nabaki kimya. Lakini diski ikizima nina maneno, na yeye ananisikiliza.

Kumbe mwenzangu alikuwa anaumia. Kuna moja aliniambia niitoe kabisa imekufa, akatuma nyingine kwa basi nikaipokea Moshi mjini. Hiyo aliyosema imekufa ipo kabatini, nzima. Juzi kanipigia bila diski yoyote kuzima. Nilishtuka nikajua kuna msiba. Akasema, "Umeme wa huko unaua diski. Nimeongea na rafiki yangu wa Arusha, Jumamosi nakuja na gari nizihamishie kwake." Akaongeza, "Sio kosa lako mdogo wangu. Umejitahidi sana, pumzika sasa." Hajawahi kuniita mdogo wangu, mimi kwake ni dogo tu. Nilikaa chini pale pale sebuleni.

Jirani nilimwambia tu kwamba zinaondoka. Akasema, "Afadhali, sasa utafute mke, mashine haikuulizi umekula." Hajui mengine.

Ndugu zangu, aibu yangu ni kwamba nafurahi anakuja. Nimeshafyeka njia, ndizi nimeweka ziive. Lakini nikimwambia ukweli atajua kwamba kila alipopiga ana wasiwasi nilikuwa nimemdanganya, na diski amenunua bure, labda hatapokea tena simu yangu. Nikinyamaza, atapakia, tutakula, atashuka, na baada ya hapo sitakuwa na waya wa kuchomoa.

Nishaurini jamani, hata mkinitukana nitasoma maoni yote. Nimwambie kabla hajapakia, au nimwache aende nazo? Na kama ni kumwambia, mtu anaanzaje kumwambia kaka yake kwamba alikuwa anamkumbuka? Kwetu hatujawahi kuambiana hivyo.