Kipande cha Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto, mpunga ukitoa mashuke tulihama kijijini kwetu, karibu na Kibiti, tukateremka bondeni Rufiji kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege: kupiga debe, kurusha madongoa, kupayuka hadi sauti inikauke. Niliipenda kuliko shule, wala sioni haya kusema.

Mwaka wa vita vya Amin, baba mdogo Selemani alipanda kipande chake karibu na dungu, kisha akachukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda Kagera. Bibi akatuonya: mpunga wa aliye safarini hauvunwi na mtu mwingine. Ukiuvuna, umeshamzika.

Basi tukavuna wetu, majirani wakavuna wao, kile kipande kikabaki kimesimama peke yake. Ndege wote wa bonde wakawa wageni wangu.

"Mama, mpunga unapukutika," mama yangu alimwambia Bibi.

"Na upukutike. Mwenyewe atakuja kuokota." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mke mwenzangu, piga debe. Au umelala?"

Nilipiga. Moyoni niliamini kila ndege niliyemfukuza ni risasi iliyomkosa baba mdogo.

Siku moja Mama alipanda kijijini kufuata chumvi. Alirudi jioni bila chumvi, akaenda kukaa na Bibi nyuma ya dungu. Kulipokucha, Bibi alishuka ngazi na kisu cha kuvunia, akaingia kwenye kipande cha mwanawe, akakata shuke la kwanza.

Debe likaniponyoka. "Bibi! Baba mdogo kaja?"

"Zaituni," akaniita kwa jina, yeye ambaye siku zote aliniita mke mwenzangu. "Shuka, mwanangu. Tuvune."

Hakuna mtu aliyeniambia zaidi ya hapo. Tulivuna huku tunalia.

Ukubwani nilikuja kujua kwamba alikufa kabla mashuke hayajaiva. Nilikuwa nikimlinda mtu aliyekwisha zikwa. Wanangu wakisikia husema ule ulikuwa ushirikina tu. Huenda. Lakini msimu mzima baba mdogo alikuwa hai kwetu, kwa sababu mama yake alikataa kushika kisu. Mimi nalikumbuka zaidi sinia la hitima yake. Wali ulitokana na mpunga ule ule, na watu wote walishiba, maana niliulinda vizuri.