Ng'ombe wa Nkoma, Ndugu wa Bukundi

Juzi nilipeleka chai kwenye mafunzo mafupi hapa Bariadi, ambako vijana wanatumia kompyuta kutafuta undugu wa ng'ombe kwa vinasaba. Binti mmoja alikaribia kulia. Katika kazi yake ya mwisho, ng'ombe wa kijiji cha Nkoma alitokea kwenye ukoo wa ng'ombe wa kijiji cha Bukundi.

"Umechanganya sampuli. Mfute," mwalimu alisema.

Mimi si msemaji, lakini niliweka chupa chini. "Mwalimu, asimfute kwanza. Huyo huenda alikuja kwa mahari."

Binti akampigia mfugaji wa Nkoma mwenye ng'ombe huyo, simu ikiwa na sauti ya juu, akamuuliza kama ni wa mahari. "Ndiyo, dada yangu aliolewa Bukundi, wakatuletea huyo," mfugaji akajibu.

Mwalimu akanisogezea kiti. "Mayu, mama yetu, kaa hapa. Tuangalie na ng'ombe hawa wengine."

Nilikaa. Kompyuta inajua ukoo wa ng'ombe, ila harusi tulihudhuria sisi.