Sehemu Iliyoandikwa Tupu

Mke wangu Klara ana waume wawili, mimi na kompyuta, na mwenzangu ndiye anayetazamwa usoni kutwa nzima. Maneno hayo nilikuwa nawaambia wateja wakija kupimwa nguo, wakicheka, naye akicheka pia bila kugeuka. Chumba chetu cha kazi hapa mtaani Magarama ni kimoja: cherehani yangu iko dirishani, meza yake iko ukutani. Mimi nashona, yeye anatengeneza kompyuta za watu wa Gitega. Lakini kutengeneza kulikuwa kwa ajili ya riziki tu. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine, na mimi ilinikera kwa muda mrefu, maana sipendi kazi isiyoshikika mkononi.

Alikuwa anaunda programu yake mwenyewe ya kugawa diski. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwambia aache kunizungusha, basi akachukua kitambaa changu na chaki. Diski, alisema, ndiyo inayotunza kila kitu cha kompyuta: picha, nyimbo, barua. Unaweza kuigawa sehemu bila kuigusa kwa mkasi, na kila sehemu ina utaratibu wake wa kuweka mafaili. Kuna utaratibu wa Windows, kuna wa Linux, na ziko nyingine, na kompyuta inayoujua huu huenda isiujue ule. Ukikosea kupanua sehemu moja, umekula ya jirani, na iliyoliwa hairudi. Programu za kazi hiyo zipo, za Kiingereza na za Kifaransa. Klara alitaka moja ya Kiswahili na Kirundi, yenye picha: diski ilale kwenye kioo kama utepe mrefu, kila utaratibu na rangi yake, hata mwenye duka ambaye hakusoma sana aone mali yake imekaa wapi.

Hilo la kuona nani amekaa wapi alikuja nalo kutoka mbali. Klara alizaliwa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi upande wa Tabora, ambako baba yake, mzee Godfrey, alifika kijana akikimbia vita vya mwaka sabini na mbili. Huko alisoma, huko aliona kompyuta ya kwanza, nayo ilikuwa imefunikwa shuka kama bibi harusi na mwalimu hakuruhusu mtu kuisogelea. Mwaka 2008 amani ilipokuwa imetulia walirudi huku nyumbani, Itaba, kwenye kilima ambacho yeye alikijua kwa masimulizi tu. Wakakuta mzee Nazario amejenga pale, amezaa pale, amezeeka pale. Nazario hakuwa mwizi. Zamani aliambiwa shamba hilo ni tupu, halina mtu, naye akashika jembe.

Walipatanishwa na Bashingantahe, wazee ambao kilima kinawaamini kuamua mambo, na shamba likagawanywa katikati. Klara alikuwepo siku hiyo. Miche ya minyaa ya kupanda mpakani ililetwa, lakini hakuna aliyeruhusiwa kupanda hata mmoja. Kwanza walitembea mpaka wote kwa miguu, familia mbili na majirani. Kila walipofika mahali, mzee mmoja alisimama na kuuliza kwa sauti, "Hapa nani anakaa?" Mwenyewe akajibu kwa kinywa chake, wote wakisikia. Walipokwisha kuuzunguka mpaka wote bila mtu kubisha, ndipo wakapanda, wakanywa pombe ya ndizi kutoka mtungi mmoja.

Desturi hiyo Klara aliichukua nzima akaitia ndani ya programu yake. Ukivuta utepe kwa kipanya, hakuna kinachotokea kwenye diski; mchoro unabadilika tu na kungoja. Kisha programu inapita sehemu moja baada ya nyingine na swali linatokea: Hapa nani anakaa? Mwenye diski ajibu. Akishajibu zote ndipo kinajitokeza kitufe kilichoandikwa Panda.

"Na pombe je," nilimwuliza, "tuimimine wapi?"

"Wewe shona," alisema.

Sasa, mwaka wa tano tangu Klara arudi, akaja dada mmoja kutoka Muyinga, jina lake Amisa, mpiga picha za harusi. Alishuka kwenye basi asubuhi akaja moja kwa moja kwetu, diski ameifunga kwenye kanga ndani ya mkoba.

"Dada, mi niko natafuta sauti ya baba," alisema kabla ya kukaa. "Baba yangu Houssein alikuwa anafundisha watoto kasida, anaweka yote kwa ordinateur, kompyuta yake. Kaka ndiye alimtumiaga, alikuwa Ubelgiji. Baba amekufa, na ile ordinateur ikaungua. Imebaki disque tu, na kipande chake kidogo baba alinipaga niweke picha zangu. Mafundi wote wanasema haiko kitu, niifute. Mi sina sauti yake mahali pengine. Hata kwa telefone haiko."

Klara aliichomeka. Utepe ukajichora: kipande kifupi cha kijani, kilichobaki chote cheupe, na juu ya weupe neno moja, Tupu.

Klara alimgeukia. "Pole sana, dada," alisema. "Hapa kwenye kijani mna picha zako za harusi. Huku kwingine hamna kitu. Ni tupu."

Amisa hakulia. Aliikunja kanga yake taratibu, akaikunjua, akaikunja tena. "Bon," alisema. "Kama haiko, basi uniongezee nafasi ya picha. Pamejaa. Wateja wananisumbua."

Klara akauvuta ule ukijani mpaka ukafunika weupe wote. Bado hakuna kilichofanyika. Mchoro ulikuwa unangoja. Swali la kwanza likatokea kwenye sehemu ndogo, akalisoma. "Hapa nani anakaa?"

"Mi. Kazi yangu."

La pili lilikuwa juu ya ile nyeupe. Klara alilisoma harakaharaka, kama tunavyosoma jambo tunalolijua jibu. "Hapa nani anakaa?"

Amisa alikitazama kioo. "Baba yangu," alisema.

Niliacha kushona.

"Dada, programu inaonyesha kwamba..."

"Nimeona vile inaonyesha. Umeniuliza, nimekujibu."

Klara aliondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Kisha akanigeukia. "Urbano, neno hili tupu nani aliliandika?"

"Si wewe?"

"Ni mimi." Akatueleza. Programu yake ilijua taratibu kadhaa, na popote ilipokutana na utaratibu isioujua, yeye aliiamuru ipake nyeupe na kuandika kwamba hamna kitu. Usilolijua ni usiku wa giza, wahenga walisema. Hawakusema ni shamba lisilo na mtu. Mtoto wa mzee Godfrey wa Itaba, kwa mikono yake mwenyewe! Jibu moja tu la "hakuna mtu," na kitufe kingejitokeza.

Alimwomba Amisa amwachie diski. Siku hiyohiyo alilifuta lile neno. Pale programu isipojua, ipake kijivu na kuandika: Sijui. Kisha akainakili diski nzima, ili asiiguse ile ya asili tena, akaanza kusoma nakala ikiwa uchi, namba tupu, mistari na mistari ya namba. Niliitazama mpaka macho yakaniuma. Sikuona kitu, na nilimwambia hivyo.

Alasiri moja akaniita. "Njoo uone." Kidole chake kilikuwa juu ya herufi H na alama ya kujumlisha, zimekaa peke yake katikati ya namba. "Huu ni utaratibu wa zile kompyuta za Mac," alisema. "Umejitaja jina. Ulikuwa umejitaja siku zote." Kutoka hapo akanionyesha jinsi herufi hizo zinavyokupeleka kwenye orodha, orodha ikupeleke kwenye faili, faili likupeleke kwenye vipande vyake vilivyotawanyika, na kila kipande kimo mahali kilipoahidiwa kuwa. Watu fulani, sijui wa nchi gani, walikaa wakapanga yote haya, wakayaacha, na hapa Magarama mke wangu anayasoma! Nilivua kofia. Klara aliniona wala hakunicheka. Tangu siku hiyo sijasema tena habari za waume wawili.

Kuifundisha programu utaratibu huo kulichukua msimu mzima wa mvua. Mara ilikataa, mara ilionyesha mafaili yasiyofunguka, na yeye alisonya akaanza upya. Halafu kijivu kikageuka zambarau, na Klara akampigia simu Amisa aje.

Amisa alikaa kwenye kiti changu. Klara alifungua sehemu ya zambarau, mafaili yakajipanga, akabonyeza la kwanza. Dufu likalia. Watoto wakaimba kasida, wengine mbele, wengine nyuma, na sauti ya mwanamume ikiwavuta pamoja. Amisa alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mara humo ndani dufu likasimama, mwanamume akakohoa, akaita.

"Amisa! We Amisa!"

"Abee, baba!" Amisa alikwisha kusimama.

"Funga mlango, mama. Makelele ya barabara yanaingia."

Akavuka chumba, kanga inaburuta chini, akaufunga mlango wetu. Mteja aliyekuwa anakuja kuchukua suruali alibaki nje anagonga, na hakuna aliyeinuka kumfungulia mpaka kasida ilipokwisha.