Lori la Yudith na Ng'ombe wa Tatu

Gideoni alimjua Yudith kwa sababu ya debe. Alikuwa ametoka Iringa kwenda kununua maharage Tukuyu, akashusha debe lake mbele ya wanawake waliopanga magunia kando ya barabara. Yudith akalipindua, akapitisha kiganja kwenye kitako kilichogongwa kwa ndani mpaka kikatokeza nje.

"Debe lako lina mimba, Bwana," akasema. "Ngoja lijifungue kwanza, ndipo tupime."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Gideoni naye akacheka, akatoa debe la pili, lililonyooka, ambalo alitembea nalo siku zote kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Tangu hapo alinunua kwake kila msimu. Hakumpunja hata mara moja, wala si kwa wema. Hakupata nafasi tu.

Yudith alikuwa na lori. Alilinunua pamoja na mumewe, Saulo, kwa kahawa ya shamba ambalo Yudith alirithi kwa baba yake, na wazee wa kanisa walijua hivyo. Saulo aliendesha, yeye akakaa pembeni akilinda mizigo. Siku za baridi kali Saulo akashikwa na kichomi, akafa. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji yake Asukile, mwenye wake wawili tayari, akaja na neno la mila: mjane ni wake, la sivyo warudi ng'ombe watatu wa mahari.

"Na lori je?" wazee wakamwuliza.

"Kopo linalozimika kila mlima nilifanyie nini? Nataka ng'ombe za ndugu yangu, au mke."

Baba yake Yudith alishakufa, na ndugu wa kiume hakuwa nao. Kuolewa mke wa tatu maana yake ilikuwa kufungiwa meza ya Bwana katika kanisa alilobatiziwa, alikofundisha kina mama kusoma. Basi akatuma habari kwa Gideoni, aliyekuwa na ng'ombe wake kwa mfugaji mmoja huko Usangu: lori kwa ng'ombe watatu.

Walikutana Mbeya asubuhi kulijaribu lori, ukungu bado umekalia mlima. Gideoni alizungusha hendeli mpaka jasho likamtoka ndipo injini ikashika. Wakapakia magunia, wakatoka tambarare bila shida yoyote, kisha wakaushika mpando wa barabara ya Chunya. Huko lori likaanza kukohoa. Likashtuka, likavuta, likashtuka tena, na Gideoni alipozidi kukanyaga mafuta ndivyo lilivyozidi kulegea. Kwenye kona likazimika.

"Sikufichi, Bwana Gideoni," Yudith akasema, akishuka na kitambaa kilicholowa maji. "Likipata moto na mzigo, mlimani, linachoka. Marehemu alikuwa anafunga kitambaa cha maji hapa. Tunapumzika kidogo, tunakwenda. Kila kijito cha njia hii nakijua kwa kulowesha kitambaa."

Alifungua boneti, akakifunga juu ya pampu ya petroli kwa mkono wa mtu aliyezoea kumfunga mgonjwa. Ndivyo madereva wengi wa milima ile walivyofanya: gari liliponyweshwa maji na kuondoka, walihesabu limepona.

Gideoni akakiangalia kitambaa, akaona mchezo wote. Kuwaka kwa taabu asubuhi, kwenda vizuri tambarare, kukohoa mlimani, kuzimika likipata joto na kuamka likipoa. Palibaki jambo moja. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa. Oili ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, inanuka petroli. Ngozi ya ndani ya pampu ilikuwa imechanika, petroli inavujia chini kwenye oili. Injini yenyewe haikuwa na tatizo. Pampu mpya haikufika bei ya mbuzi.

Akamsogezea Yudith kijiti puani.

"Nusa, Mama."

"Petroli."

"Petroli kwenye oili. Injini imeoza ndani. Hii si ya kitambaa tena."

Yudith alinusa mara ya pili. Alijua kupima debe. Kijiti kile hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Sasa unasemaje?"

"Wawili. Na hapo nanunua vyuma."

"Baba, wawili hawanitoi kwa Asukile. Unajua."

"Najua, Mama. Lakini mimi nanunua lori, sinunui kesi yako."

"Ongeza hata ndama."

"Ndama wa nini kwa injini mfu?"

Alisimama pale barabarani, khanga yake inapigwa na upepo, akitazama bonde. Hakuwa na mnunuzi mwingine mwenye ng'ombe, na Asukile alikuwa amempa mpaka mavuno. Akakubali, kwa kuwa wawili mkononi huenda wangemlainisha shemeji.

Hawakumlainisha. Asukile aliwapokea wote wawili, akamdai wa tatu, mavuno yakapita, akaja kumchukua. Mchungaji alisoma jina la Yudith kati ya waliofungiwa meza, Jumapili moja baada ya mahubiri, na kina mama aliowafundisha kusoma wakainamisha vichwa.

Msimu uliofuata Gideoni alipanda Tukuyu na lori lile lile, limejaa mbao za Mafinga, bila kusimama popote. Yudith alikuwa akilima kando ya barabara na wake wenzake. Akaja na jembe mkononi.

"Limepona. Lilikuwa na nini?"

Gideoni hakuona sababu ya kudanganya. Biashara ilikuwa imekwisha.

"Pampu."

"Pampu tu?"

"Pampu tu, Mama."

Yudith akaenda upande wa boneti, akaweka kiganja juu ya bati la moto, akakiacha mpaka Gideoni mwenyewe akasema, "Utaungua." Akakitoa, akarudi kwenye tuta lake.

Kuanzia wiki ile hakuna mwanamke wa barabara ile aliyemfungulia Gideoni gunia. Ikabidi anunue kwa madalali wa Mbeya, kwa bei yao, na alifanya hivyo miaka yote aliyobaki na biashara. Jioni moja nyumbani alijumlisha alichopoteza kwa madalali, akakiweka kando ya lilichomwingizia lori. Lori lilikuwa mbele, tena mbali. Akazima taa, akalala.